Mwaka Niliopaka Mkia wa Ndege

Siku tulimzika Injinia Muthoni huko Murera, MC alinipa dakika mbili niongee kwa niaba ya watu aliofanya nao kazi. Dakika mbili! Mimi huyu, ambaye nikiulizwa jina tu namaliza tano. Nikashika maikrofoni nikaambia watu kwamba marehemu ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuwahi kumchekesha, na nilijaribu mwaka mzima. Watu wakacheka, hata pasta akainamisha kichwa mabega yakitetemeka, nikaona imetosha, nikarudisha maikrofoni. Kurudi kwa kiti nikapata Mama Nafula amenikazia macho. Hatukuwa tumeonana tangu nitoke Ruiru. Amezeeka kidogo, amenenepa kidogo, na kitambaa cha kichwa bado anakifunga kama kofia ya askofu. Akaniinamia kwa sikio. "Karis, si ungewaambia ile ya ndege." Nikamwambia, "Mama, ile haiwezi ingia dakika mbili." Akasema, "Basi itafutie mahali itaingia," halafu akageuka akaendelea kuimba na wengine kama hajasema kitu.

Mambo ya kwetu Ngoliba nitaruka. Huko kuna jua na mbuzi, na mbuzi wenyewe wanataka kuhama. Nilimaliza darasa la nane nikaingia Thika kwa magereji ya jua kali, nikajifunza kupaka malori rangi, na kufika miaka ishirini nilikuwa najiona profesa. Injinia alinipata huko. Gari yake ilikuwa imekwaruzwa mlango, akaileta kwetu, nikampakia vizuri mpaka ungeweza kunyolea ndevu kwa ule mlango. Alipokuja kuichukua hakuangalia rangi hata kidogo. Alipitisha kidole chini ya ukingo wa mlango, mahali hakuna mteja huwa anagusa, akauliza, "Uliosha na nini kabla ya kupaka?" Nikamjibu, "Petroli na maombi, madam." Vijana wote wa gereji wakaanguka. Yeye hakucheka. Aliniangalia vile daktari anaangalia kidonda, akasema, "Mkono wako ni mzuri. Ni kichwa inataka kuoshwa. Kuja Ruiru Jumatatu." Nilienda, na sikuenda kwa sababu ya mshahara. Nilienda kwa sababu nilitaka kuona huyo mama akicheka.

Niliambia mabeste wangu wa Kamenu, mtaa wetu huko Thika, kwamba nimeitwa kazi ya ndege. Nilipiga pasi suruali. Kufika huko nikatafuta ndege kila mahali, hata nyuma ya choo, nikakuta ni godauni la mabati nyuma ya maduka, zamani lilikuwa la kahawa, na mvua ikinyesha bado lilinuka magunia. Ndege zilikuwa kwa kiwanja huko nje ya mji. Mafundi walikuwa wanazifungua vipande vipande, wanatuletea vile vipande kwa pikapu vikiwa vimefungwa blanketi kama watoto wachanga, sisi tunatoa rangi ya zamani, tunaosha, tunatumbukiza kwa dawa fulani ya manjano, tunapuliza praima ya kushikisha rangi, halafu rangi. Nilimuuliza Injinia kwa nini tusipake tu rangi juu ya rangi, tumalizane. Akanipeleka kwa pipa la takataka, akatoa kipande cha bawa la zamani, juu kilikuwa cheupe safi kabisa. Akakwaruza na ukucha. Rangi ikatoka kama ganda la ndizi, na chini yake alumini ilikuwa imekuwa unga. "Hii ilikuwa inaruka," akasema. Ni hayo tu. Nikarudi kwa meza nikaanza kuosha.

Alikuwa na sheria zake na hazikuwa na mjadala. Kitu kikishaoshwa, unakimwagia maji safi unasimama unaangalia. Maji yakitulia juu yake yote kama shuka moja, kimeoshwa. Yakikatika yakawa matone, kuna mafuta mahali, rudi mwanzo. Kwa sababu ya hiyo sheria tulikatazwa mafuta ya kujipaka. Mwezi wa saba, Ruiru, baridi ile ya kuingia kwa mifupa, na hauruhusiwi kujipaka mafuta! Tulipauka wapakaji wote watatu mpaka tukaonekana tumetoka kwa mashini ya unga. Nilikuwa na msichana hapo kwa duka la simu, alinishika mkono mara moja akaniuliza kama mimi huchimba mawe.

Sheria ingine ilikuwa ya shahidi. Kila kazi ikiingia, Injinia alikata kipande kidogo cha alumini kama kiganja, kikaoshwa na zile vipande zingine, kikatumbukizwa nazo, kikapakwa nazo, siku hiyo hiyo, mikono hiyo hiyo. Halafu zile zingine zinaenda kwa ndege, na hiki kinabaki kinaning'inizwa kwa sanduku la chumvi. Hilo sanduku lilikuwa kona ya godauni, linatoa moshi wa maji ya chumvi usiku na mchana, kazi yake ni kuzeesha alumini haraka. Kipande kikianza kuoza kwa sanduku, unajua ndugu zake walio kwa ndege nao wataoza, ila wao watachukua muda. Ndiyo maana kiliitwa shahidi. Kila Jumatatu asubuhi Injinia alifungua sanduku, akawatoa mashahidi mmoja mmoja akiwaangalia na lenzi, na sisi tulisimama kimya kama watu wa kortini. Tena sisi ndio washtakiwa.

Lakini nikikumbuka hiyo godauni, kitu cha kwanza kinanijia ni kale ka-jikoni. Kalikuwa kamebanwa kati ya ofisi na mahali tunapaka, ukuta wa plaiwudi tu, ukikohoa upande huu mtu wa upande ule anakuambia pole. Hapo ndipo Mama Nafula alitawala. Alitoka huko magharibi akifuata kazi ya kiwanda, kiwanda kikafungwa, akaangukia kwetu. Kwa makaratasi alikuwa wa usafi na chai. Kwa ukweli alikuwa anapika, anashona ovaroli, anasuluhisha ugomvi, na vipande vikiwa vingi anasaidia kuosha kabla ya dawa. Alikuwa anatupikia githeri, mahindi na maharagwe, siku za kawaida na Ijumaa ugali na omena, akisema Wakikuyu watakufa bila kujua utamu. "Karis, kula hiyo kichwa ya samaki uongeze akili." "Mama, hii samaki yenyewe ingekuwa na akili haingekuwa hapa." Upande ule wa plaiwudi tulisikia kijiko cha Injinia kikikoroga chai, tik, tik, tik, bila hata kusimama. Mtu wa kawaida angecheka hapo.

Sufuria za Mama Nafula zilikuwa tatu, zimetundikwa kwa misumari, ziling'aa mpaka nilikuwa nachania nywele hapo. Kwao, alisema, ukitaka kujua nyumba ina mwanamke angalia sufuria nje, si ndani. Nje ikiwa nyeusi, mgeni anakunywa chai haraka anaenda. Sikuona maana ya hayo maneno wakati huo. Nilikuwa nasikiliza kwa ajili ya omena.

Ile Jumatatu ninayotaka kueleza, Injinia alifungua sanduku kama kawaida, akatoa shahidi wa kwanza, sawa, wa pili, sawa, wa tatu akamshika mpaka mkono ukasimama. Akamwinamisha kwa mwanga. Akaweka lenzi. Akaweka lenzi chini. Kwa rangi nyeupe kulikuwa na vidoti vya kahawia, vidogo kama mavi ya nzi, na kutoka kwa vile vidoti vinyuzi vilikuwa vinatambaa chini ya rangi kama minyoo. Hakuna mtu aliuliza huyo ni shahidi wa kazi gani. Tulijua. Ilikuwa kazi ya Kapteni Mutiso, mwenye ile ndege ndogo ya kubeba mizigo na watalii. Tulikuwa tumempakia breketi mbili za mkia. Breketi ni kitu unaweza kuweka mfukoni, lakini hizo mbili ndizo zinashika ule ubao wa nyuma unaopanda na kushuka. Ule ubao ukitoka, ndege haina habari na wewe tena. Inaenda inakotaka.

"Mliosha na nini?" Injinia akauliza. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningepumua. "Na zile pedi za nailoni, kama siku zote," mwenzangu akasema. "Karis?" "Pedi, Injinia. Pedi na sabuni yako ile ya kunuka." Aliniangalia kwa muda mrefu sana. Nilijua anakumbuka petroli na maombi. Mimi ndiye nilipuliza rangi kwa hizo breketi, na mimi ndiye nilikuwa na historia.

Saa ile ile alimpigia Kapteni. Tulisikia kila kitu kupitia plaiwudi. "Kapteni, usiirushe." Akaulizwa sababu. "Sijui bado ni nini." Kutoka kwa simu sauti ya mwanaume ikapanda kama chai inataka kumwagika. Kapteni alikuwa anaenda pwani hiyo Ijumaa, akae huko msimu mzima, na huko pwani hewa yenyewe ni chumvi. Ndege nzima ingekuwa ndani ya sanduku. Kabla ya saa sita mwenye godauni, Bosi Ndung'u, alikuwa amefika na gari lake kubwa, hajafunga hata mlango.

Bosi hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo leo nikiwa na nywele nyeupe mbili tatu. Alikuwa mtu wa kuogopa wateja. Alisimama katikati ya godauni akasema sanduku lenyewe labda ni chafu, labda ni waya wa kuning'iniza ndio una kutu, huwezi kufungia mtu ndege kwa sababu ya mavi ya nzi. Injinia akasema, "Mashahidi wengine wako kwa sanduku hilo hilo na ni wazima." Bosi akasema, "Basi niambie kilichotokea. Nipe sababu nimpelekee Kapteni. Bila sababu, Ijumaa anaruka, nimeshamwambia." Halafu akatugeukia sisi. "Kuna mtu hapa alifanya kitu. Mpaka Ijumaa asubuhi awe amesema. Na akishasema, achukue vitu vyake aende nyumbani, kwangu hakuna kazi yake." Nikashindwa kujizuia. "Bosi, hiyo si ni kuitia panya akuje kuchukua sumu yake?" Wenzangu wakaangalia chini. Bosi akaninyooshea kidole polepole. "Wewe wa Thika. Nakuangalia wewe."

Hiyo wiki sijawahi kuisahau. Hakuna mtu aliongea zaidi ya "nipitishie hiyo". Kila ndege ikipita juu ya Ruiru, na hupita nyingi, tulisimamisha mikono tukaangalia mabati ya paa kama tunaona, ingawa tulijua ya Kapteni iko chini. Mimi mwenyewe nilianza kujishuku. Unajua vile askari akikuangalia sana unaanza kukumbuka makosa hujafanya? Nilirudia ile siku kichwani: niliingia, nikavaa maski, breketi zilikuwa mezani tayari zimeoshwa, nikadhani ni mwenzangu ameziosha, ziking'aa, nikazimwagia maji mbele ya Injinia, maji yakatulia kama shuka, akatingisha kichwa, akatia sahihi. Zilikuwa safi! Kwa kweli sikuwahi kuona alumini safi namna hiyo. Injinia naye alikuwa anazunguka na yule shahidi kwa mfuko wa koti, anamtoa, anamwangalia, anamrudisha. Upande ule wa plaiwudi kijiko hakikukoroga tena. Chai yake Mama Nafula alikuwa anairudisha ikiwa baridi, na ngozi juu.

Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa kwa ndoo hapo nje kwa mfereji, nimalizie githeri, Mama Nafula ameinama anaosha sufuria kubwa. Alikuwa anaisugua na ile waya ya chuma, ile ya manyoya manyoya, mkono unaenda kama pistoni, povu jeusi linamwagika. Akaisuuza. Jua likaipiga. Na mimi nikiwa na kijiko mdomoni nikaona ule mng'ao, nikajua nimeuona mahali, na hapakuwa jikoni.

Nikaongea polepole, kama mtu anaita kuku asitoroke. "Mama, zile breketi za Kapteni. Nani aliosha?"

"Ni mimi, si mlikuwa na ile milango mnapuliza? Injinia akaniambia Mama, osha hizo zing'ae."

"Ukaosha na pedi."

"Pedi gani? Pedi zilikuwa zimeisha hiyo siku. Nilichukua waya yangu hapa." Akainua ile sufuria nijionee, na nikuambie, alikuwa anajivunia. "Kwani hukuona? Nyinyi na hizo pedi zenu mnapapasa tu kama mnaogopa kuamsha mtoto. Alumini ni alumini, Karis. Mimi nimeosha alumini tangu nikiwa na meno ya utoto."

Nikaweka githeri chini. Nikamwambia, lakini sijui kama nilimwambia vizuri, nilikuwa na haraka na woga. Nikasema ile waya ikisugua inakatika vipande vidogo vya chuma hauwezi kuona, vinaingia ndani ya alumini kama miba. Ukidungwa na mwiba, ngozi ifunge juu, watu watasema umepona, na huko ndani inatunga usaha. Kwa sufuria si kitu, utaisugua tena kesho. Kwa ile breketi tumefungia miba ndani, tumepaka rangi juu, na chumvi ya pwani ikifika hapo, ule mwiba unaanza kula alumini, unachimba shimo, na ufa huanzia kwa shimo. Maji hayangetuonyesha. Maji yanaonyesha mafuta, hayaonyeshi miba.

Alikuwa amesimama tu, povu linamtiririka kwa viwiko. "Mayi wee," akasema kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa lugha yao. Halafu, "Na hiyo breketi ikikatika?"

"Kapteni hana usukani."

"Na mimi nikisema naenda nyumbani."

"Ndivyo Bosi amesema."

Akakaa kwa ukingo wa mfereji. Akaniuliza nani mwingine anajua, nikasema hakuna. Akaniuliza kama nitasema, na hapo sikumjibu. Kwa sababu nikinyamaza, Kapteni anaruka, au mimi ndiye naenda, ama yote mawili. Nikisema, naenda kumnyang'anya ugali mtu aliyekuwa ananiwekea wa chini ya sufuria, ule mgumu, kwa sababu anajua naupenda. Akainuka akakausha mikono kwa leso. "Nyamaza kwanza," akasema. "Usiniharakishe, Karis. Usiniharakishe." Akaenda ndani. Mchana ule wote tulisikia akipanga vikombe, anavipangua, anavipanga.

Ijumaa Kapteni Mutiso alikuja mwenyewe. Ni mtu mkubwa, mtulivu, wa kutafuna njugu moja moja, lakini siku hiyo hakuwa na njugu. Tuliitwa wote ofisini tukasimama tumebanana, Injinia kwa kiti, yule shahidi mezani mbele yake, Bosi dirishani. Kapteni akasema ana watu wanamngoja, mizigo imepakiwa, na anataka kitu kimoja tu, sababu. "Injinia, mimi nakuheshimu. Lakini umeniambia sijui, sijui, wiki nzima. Siwezi kuketisha ndege kwa sijui." Injinia akamsogeza shahidi mbele ya Kapteni, hakuwa na kingine cha kumpa. Bosi akasema, "Kapteni, mimi naona ni huyu kijana. Ametoka kwa magereji ya jua kali, hawa wanaosha na chochote. Karis, sema tumalize, mzee wa watu aende."

Macho yote kwangu. Nilikuwa na mzaha tayari kwa ulimi, najua nilikuwa nao, na ulikauka hapo hapo. Nikasema, "Bosi, mimi..." na mpaka leo sijui sentensi hiyo ilikuwa inaenda wapi. Nimeimalizia kichwani mara nyingi, na kila mara inaisha tofauti.

Mlango ukasukumwa na mguu, Mama Nafula akaingia na sinia ya chai. Akaiweka juu ya meza, akasogeza shahidi kando na kidole ili vikombe vitoshee, akamwangalia Kapteni. Hakumwangalia Bosi. "Baba, hizo vitu za ndege yako niliosha mimi. Niliosha na waya ya sufuria. Huyu kijana ameniambia jana inaleta kutu. Mimi sikujua, lakini ni mimi." Halafu, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure, akaanza kumimina chai.

Injinia alisimama mpaka kiti kikaanguka. Si kwa hasira. Alichukua shahidi akamweka karibu na macho, akasema, "Waya. Waya! Ni chuma!" kama mtu amepata funguo alizotafuta nyumba nzima. Halafu akamgeukia Kapteni, sauti imerudi. "Hiyo ndiyo sababu. Toa hizo breketi. Zitolewe leo, usiruke hata kuzunguka kiwanja."

Bosi akasema, "Mama, weka hiyo birika chini. Chukua vitu vyako."

"Ngoja," Injinia akasema. "Hawa wapakaji niliwafundisha mpaka wakanichukia. Huyu nilimpa ndoo nikamwambia ing'ae, halafu nikasahau kama nilimpa. Na iling'aa. Sahihi hapo ni yangu."

"Injinia, sitaki siasa. Nilisema aliyefanya ataenda, na ataenda."

Kapteni alikuwa amechukua kikombe chake. Akapuliza, akanywa, akamuuliza Mama Nafula, na aliuliza kama anataka kujua kweli, "Mama, ungenyamaza si hakuna mtu angejua? Kwa nini umeniambia?"

Mama Nafula akamshangaa. "Si hiyo ndege yako hupita juu ya nyumba yangu?"

Nilicheka. Sikutaka, ilinitoka tu kama chafya, halafu mwenzangu, halafu Kapteni mwenyewe akamwaga chai kwa suruali. Na Injinia Muthoni, ambaye nilikuwa nimemchezea kila mchezo mwaka mzima, aliweka mkono mdomoni na macho yakamjaa maji, lakini kama ni kicheko au ni nini sitaapa. Kapteni akajifuta. "Bosi Ndung'u," akasema, "wiki nzima watu wako wote wameniambia uongo ama sijui. Huyu ndiye ameniambia ukweli. Ukimfukuza, ndege yangu itapakwa kwingine. Breketi mpya nitaleta, na ataziosha yeye, huyu akimwonyesha." Huyu alikuwa Injinia. Bosi akasema chai imepoa, na hivyo ndivyo Bosi husema ndiyo.

Breketi za zamani zilipoletwa tulizivua rangi sote tukiwa tumeinama juu ya meza. Moja ilikuwa nzima. Ya pili, karibu na tundu la bolti, kulikuwa na vishimo, vidogo, ungevifunika na punje ya mchele. Injinia alimpa Kapteni lenzi. Kapteni aliangalia, akamrudishia lenzi, akatoka nje, tukamwona kupitia mlango amesimama kando ya pikapu amejishika kiuno, muda mrefu.

Zile mpya Mama Nafula aliziosha siku nzima. Injinia alisimama kando yake, wakati mwingine akimshika kifundo cha mkono, "Polepole mama, kama mgongo wa mtoto," na Mama Nafula akijibu, "Watoto wangu nilisugua zaidi ya hivi." Mimi nikapuliza rangi.

Kisha Kapteni akatuita kiwanjani. Alikuwa ameirusha peke yake asubuhi, ikapanda, ikazunguka, ikashuka sawa. Tulifikiri ametuita kutushukuru na soda. Akafungua mlango wa ndege akasema, "Kwangu kuna desturi. Aliyeosha, aliyepaka na aliyetia sahihi, wapande." Nikamwambia Kapteni, mimi niko na kizunguzungu cha ukoo. Akasema atanishikia. Injinia alipanda wa kwanza, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena, na hapo ndipo nikajua kwamba huyu mama wa ndege alikuwa hajawahi kupanda ndege maisha yake. Mama Nafula alimalizia maombi chini kabisa, kwa lugha yao, ya haraka, akapanda na viatu mkononi kama anaingia kwa nyumba ya mtu.

Ilikimbia, ikaruka, nikafumba macho. Nilipofungua macho, chini kulikuwa na mistari ya mananasi, mto, mabati ya Kamenu yakimetameta, barabara kuu na magari kama siafu. Nilipiga kelele. Nikasema ona kule, ona Ruiru, ona hata godauni letu! Injinia alikuwa ameshika kiti cha mbele mpaka vidole vimekuwa vyeupe, lakini alikuwa anaangalia. Mama Nafula peke yake ndiye alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, mikono yote miwili kwa dirisha la nyuma, macho kwa mkia, kwa ule ubao ukipanda na kushuka.

"Mama!" nikamwambia. "Angalia chini, utaona Thika yote!"

"Thika nimeiona," akasema, bila kugeuka. "Wacha niangalie kazi yangu."